Eti kuna ranchi kubwa kuliko Unguja?

SWALI: Asalaam alaykum mhariri. Mie msomaji wenu wa Konde, Pemba, nna ng'ombe wangu watatu nawafunga chini ya minazi na kila wiki nagombana na jirani sababu ya muhogo wake. Sasa mpwa wangu anasoma Australia, juzi kapiga simu anasema eti huko jangwani kuna shamba la ng'ombe kubwa kuliko Unguja nzima, tena karibu yake kuna kijiji chenye mitende na msikiti wa zamani. Nikamwambia wacha kunitania. Kweli au kaniona mjinga?

JIBU: Waalaykum salaam mzee wangu. Hakutanii hata kidogo, kijana kasema kweli tupu. Ranchi yenyewe inaitwa Anna Creek, iko South Australia, na ukubwa wake unapita kilomita za mraba 15,000, wakati Unguja yetu haifiki hata 1,700, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Ila usiione ukaitamani, maana ile ardhi kavu, majani ya kutafuta, ng'ombe mmoja anahitaji eneo kubwa mno. Kinachowaweka ni maji ya visima virefu sana, mengine yanapanda juu yenyewe yakiwa ya moto, yanafuka moshi, mpaka yapoe ndo mnyama anywe. Kuwakusanya ng'ombe wanatumia pikipiki na helikopta, we na kamba yako mkononi!

Sasa hiyo mitende na msikiti ndo utamu wenyewe. Kijiji ni Marree. Zamani gari hakuna, farasi anakufa kiu, Waingereza wakaleta ngamia, 24 walishushwa Melbourne mwaka 1860 kutoka Karachi, halafu 1866 wakaja zaidi ya 100 pamoja na wachungaji wao. Wazungu waliwaita wote "Waafghani" lakini wengi walikuwa Mabulushi, Mapathani na watu wa Punjab, yaani Mabulushi hawa hawa ambao sisi tunawajua tangu enzi za askari wa Sultani. Wakabeba unga, sufu, mataruma ya reli, kila kitu. Wakajenga msikiti wa udongo na paa la nyasi (unaoonekana sasa ni mfano wake uliojengwa upya), mbele kidimbwi cha kutilia udhu, wakapanda mitende. Na reli ilipofika 1884 ikaukata mji, Wazungu huku, wachunga ngamia na wenyeji weusi kule, yaani na wao walikuwa na Ng'ambo yao kama ile yetu ya ng'ambo ya Mji Mkongwe, tofauti yetu sisi tulikatwa na maji ya pwani wao na chuma.

Halafu malori yakaja miaka ya 1920 ngamia wakakosa kazi, wengi wakaachiwa porini na sasa wamezaana mpaka ni kero. Barua zikawa zinapelekwa na lori, dereva maarufu aliitwa Tom Kruse (siye yule wa sinema!) alianza 1936 njia ya Marree hadi Birdsville, kilomita 500 na ushee za mchanga, akikwama anachimba. Mgonjwa alifuatwa na ndege tangu 1928, na watoto wa ranchi kuanzia 1951 walisoma kwa redio, mwalimu yuko mji wa mbali wa Alice Springs mtoto yuko jikoni kwa mama yake.

Wenyeji wenye ardhi, kama Waarabana wa huko Marree, ndo walioijua kila chemchemi, na bila wao hakuna ranchi iliyosimama. Lakini kwenye ranchi nyingi walilipwa unga, sukari na majani ya chai, mshahara hamna au kiduchu. Kaskazini zaidi, wenyeji wengine, Wagurindji wa ranchi ya Wave Hill, waligoma 1966 wakaondoka na familia zao, wakakaa hivyo miaka hadi 1975 waziri mkuu mwenyewe akaja akamtilia mzee wao Vincent Lingiari mchanga mkononi, kuonesha ardhi imerudi.

Mwambie mpwa wako akifika Marree aipige picha hiyo mitende atutumie, tutaitoa hapa. Na we bwana, fupisha kamba ya ng'ombe, muhogo wa watu ule.