Mbio za kilomita 21 na shoga yako, mazoezi kidogo

Dada, umesema zimebaki wiki mbili, mwisho wako ni kilomita 10, na shoga yako aliyejifua vizuri anataka mmalize pamoja. Inawezekana, ila kwa kasi yako, si yake. Mkubaliane leo: dakika nne mnakimbia, moja mnatembea, tangu kilomita ya kwanza. Wengi husubiri wachoke ndipo watembee, na hapo miguu imeshakwisha. Kipimo ni maongezi. Ukishindwa kumaliza sentensi, mwambie apunguze.

Usijaribu kufidia mazoezi sasa, utaumia bure. Jumapili hii nendeni 12 au 13 taratibu, mkianzia Coco Beach alfajiri, kisha wiki ya mwisho upumzike zaidi. Hewa ya Dar ina unyevu, jasho halikauki upesi, mwili unachelewa kupoa. Kunywa kidogo kidogo kila ukisikia kiu, usijijaze maji. Viatu vipya acha nyumbani.

Goti likikataa, wewe simama, yeye aendelee akitaka. Hilo mliongee mapema kabisa. Ila ukisikia kizunguzungu au baridi juani, asikuache. Kaeni kivulini, aite watu wa huduma ya kwanza.