Kabla Wino Haujagusa Fulana: Maswali na Majibu

Maswali yaliyofika safari hii yametoka kwa watu wanaoandaa fulana za vikundi, timu, misiba na mahafali, ambao huchora wenyewe kisha humpelekea fundi achape kwa skrini. Nimeyafupisha bila kubadili maana.

Mchoro wangu una rangi nne, na fulana ni 20 tu. Fundi anataka bei iliyo karibu mara mbili ya mchoro wa rangi mbili. Je, ananionea? (Morogoro)

Hakuonei. Katika uchapaji huu kila rangi ina skrini yake, yaani fremu iliyowambwa kitambaa chembamba, ikapakwa dawa inayoganda kwa mwanga, ikawekewa filamu, yaani karatasi angavu ya plastiki, yenye umbo la rangi hiyo peke yake kwa weusi, ikapigwa mwanga, kisha ikaoshwa ili sehemu iliyokingwa na weusi wa filamu ifunguke na kupitisha wino. Kazi hiyo ni ileile hata uchape fulana 20 au 500, na ndiyo maana gharama ya skrini nne ikigawanywa kwa fulana chache inauma, ilhali ikigawanywa kwa nyingi haisikiki.

Mwenye uwezo wa kuipunguza gharama hiyo ni wewe unayechora. Ikumbuke kwanza rangi ya fulana yenyewe, kwa sababu hiyo hailipiwi skrini. Niliwahi kuchorea kikundi cha akina mama wauza samaki nembo ya mashua, na mchoro wa kwanza ulikuwa na bahari ya buluu, tanga jeupe, jua la njano na mashua ya kahawia. Tukakubaliana fulana ziwe za buluu. Bahari ikawa kitambaa chenyewe, mashua ikachorwa kwa mistari myeupe na mbao zake zikaonekana katika nafasi zilizoachwa tupu, na jua likachapwa njano juu ya duara jeupe lililokuwemo tayari kwenye skrini ya tanga. Rangi nne zikawa mbili, na kwa maoni yangu nembo ilipendeza kuliko ile ya mwanzo, kwa kuwa ilionekana wazi hata kutoka ng’ambo ya barabara.

Nilichapisha njano kwenye fulana nyeusi, ikatoka ya kijanikijani, kama imechafuka. Tatizo ni wino? (Mombasa)

Aina nyingi za wino haziizibi kabisa rangi iliyo chini yake, kwa hiyo weusi wa fulana ulipenya katika njano yako. Dawa yake ni kuchapa kwanza tabaka la wino mweupe, kulikausha juujuu kwa joto, kisha kuchapa njano juu yake. Tabaka hilo ni skrini moja ya ziada, lihesabu mapema unapopanga rangi. Umbo lake lipunguzwe kidogo pembeni, kiasi cha nusu milimita au chini ya hapo, kwa sababu fulana ikisogea kidogo tu wakati wa kuchapa, ukingo mweupe utachungulia kandokando ya njano na kazi nzima itaonekana ya ovyo.

Kuna jambo jingine ambalo wachoraji wa Pwani hulisahau, nalo ni joto. Pande kubwa la wino mzito kifuani, tena la matabaka mawili, halipitishi hewa, na mvaaji atatoka jasho chini yake kama aliyejifunika nailoni. Livunje pande hilo: toboa mianya, tumia mistari badala ya kujaza, acha kitambaa kionekane. Fulana isiyovalika saa saba mchana itaishia kuwa tambara la kupigia deki, hata kama mchoro wake ni mzuri kiasi gani.

Shikamoo. Tunataka picha ya marehemu babu kwenye fulana za arobaini. Ninayo iliyotumwa kwa WhatsApp, lakini fundi anasema haifai. Tufanyeje? (Tanga)

Marahaba, na poleni sana kwa kuondokewa. Fundi amekwambia kweli. Picha itakayochapwa kwa upana wa sentimita 30 kwa ubora wa vitone 300 kwa inchi inahitaji pikseli zipatazo 3,500 kwa upana, na WhatsApp huibana picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Mwombeni mwenye picha ya asili aitume kama faili, au kama ni ya karatasi, ipelekwe ikaskaniwe badala ya kupigwa picha kwa simu. Ikishindikana kabisa, punguzeni ukubwa: uso wa babu wenye upana wa sentimita 12 ulio safi una heshima zaidi kuliko wa sentimita 30 uliojaa miraba.

Skrini haijui kijivu, inajua wino au pasipo wino. Kwa hiyo picha hugeuzwa kuwa vitone, vikubwa penye giza na vidogo penye mwanga, na jicho ndilo linalovichanganya. Kwa fulana, mistari 45 ya vitone kwa inchi inatosha, na mwulizeni fundi kama anayo skrini yenye nyuzi 77 kwa sentimita au zaidi, kwani ile ya nyuzi 43 inayotumika kwa kazi za kila siku itavimeza vitone vidogo, na mikunjo ya uso na ndevu vitapotea.

Angalieni pia rangi ya fulana. Kwenye fulana nyeupe wino mweusi huchora vivuli. Kwenye fulana nyeusi wino mweupe unapaswa kuchora mwanga, yaani paji la uso, mashavu na kanzu. Filamu ya fulana nyeupe ikitumika hivyohivyo kwenye nyeusi, uso utageuka: macho yatang’aa na kanzu itakuwa giza, na hakuna familia inayostahili kupokea kitu cha namna hiyo katika wakati kama huo.

Namba nyeupe kwenye jezi nyekundu zimegeuka za waridi baada ya siku chache. (Kisumu)

Jezi hizo ni za poliesta. Wino wa plastisoli, yaani wino wa plastiki unaotumika sana kwenye fulana, hukomaa (huganda na kushika kitambaa) kwenye joto la nyuzijoto 160 hivi, na joto hilo huifanya rangi ya poliesta igeuke mvuke na kupanda ndani ya wino. Wakati mwingine hudhihirika siku kadhaa baadaye. Agiza wino unaokomaa kwa joto la chini, au tabaka la chini la kuzuia rangi isipande, au chora namba kwa rangi nyeusi, na tatizo litakuwa limekwisha tangu kwenye karatasi.

Naruhusiwa kuweka nembo ya klabu kubwa ya mpira kwenye fulana za kuuza? (Dar es Salaam)

Bila idhini ya maandishi, hapana. Nembo ina mwenyewe, na kazi za michoro zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999. Kubadilisha rangi au kuongeza nyota hakuifanyi iwe yako.

Maandishi yawe makubwa kiasi gani, na yakae wapi? (Arusha)

Kwa mtu mzima, mchoro uanze kama sentimita saba au nane chini ya kola, na upana wake usizidi sana sentimita 28, maana skrini moja itatumika kwa saizi zote, na mchoro uliopimwa kwa mtu mnene utaingia makwapani kwa mwembamba. Mistari ya herufi isiwe myembamba kuliko theluthi moja ya milimita. Herufi zilizoachwa wazi ndani ya pande la wino zinahitaji unene mara mbili ya huo, kwa kuwa wino husambaa na kuziziba.

Itazameni kanga. Jina lake hukaa peke yake ndani ya kisanduku, kwa herufi kubwa nene, maneno machache, mstari mmoja, nasi tunalisoma hata mvaaji akiwa anatembea. Maneno yetu ni marefu, na “tutawakumbuka” likikatwa katikati ili litoshe, halisomeki tena. Ni heri kupunguza maneno kuliko kupunguza herufi.

Mwisho ni tahajia. Nilipeleka mchoro wa fulana 60 za kidato cha nne nikiwa nimekagua rangi, vipimo na mwandiko, na fulana ziliporudi kila kifua kilisema “MAHAFARI”. Mwanafunzi aliyepokea ya kwanza aliitandaza juu ya dawati, akapitisha kidole juu ya herufi moja moja, akafika kwenye R, akasimama. Nilizilipia zote upya. Tangu siku hiyo filamu haitoki kwangu kabla mtu wa pili, ambaye hajawahi kuuona mchoro, hajausoma kwa sauti, herufi kwa herufi, na kutia sahihi yake kwenye karatasi.