Goti limesagika na uzito ni mkubwa: nifanye mazoezi au nipumzike?

Ndugu yangu, umeuliza kama mazoezi yatazidi kulisaga goti kwa uzito ulionao. Hapana, kukaa tu ndiko kunakolidhoofisha. Anza na msuli wa mbele wa paja, maana ndio unaolishikilia goti: keti kwenye kiti kilichoinuka kidogo, simama taratibu bila kujishika, kisha rudi chini polepole zaidi ya ulivyosimama. Ukipata bwawa, tembea majini, mzigo unapungua sana. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yasikutishe. Yakiendelea kuzidi hadi kesho yake, punguza. Na chakula nacho upunguze, tafadhali: kila kilo 1 inayotoka mwilini huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua. Likivimba ghafla na kuwa la moto, mwone daktari kwanza.