Maswali ya wafugaji: Mayai ya kware yenye ganda laini

Swali: Nina kware 60 wa wiki 10. Nawalisha chakula cha kuku wanaokua, naongeza pumba na mashudu ya ufuta. Mayai yanatoka laini kama utando, mengine yanapasuka nikiyaokota tu. Niwape chokaa ya kujengea?
*Msomaji, Mikindani*

Jibu: Chokaa hiyo usiwape hata chembe. Imechomwa, itawaunguza midomo na koo.

Ganda la yai moja la kware hubeba karibu gramu 0.3 za kalsiamu. Kware hula gramu 25 hivi kwa siku, na chakula cha kuku wanaokua kina kalsiamu kama asilimia 1. Anapata gramu 0.25, tena si yote inayofyonzwa. Pumba inazidi kuipunguza, na mashudu ya ufuta usiokobolewa yana oksaleti inayoifunga kalsiamu tumboni. Pengo analiziba kwa kuchota mifupani, na mifupa nayo huisha.

Hamia chakula cha kuku wa mayai. Kalsiamu yake, asilimia 3.5 hivi, inatosha. Protini ya 16 au 17 ndiyo haitoshi, maana kware anataka 20. Changanya kilo 9 za chakula hicho na kilo 1 ya dagaa waliosagwa. Dagaa wasiwe wa chumvi, vinginevyo kinyesi kitakuwa majimaji. Koroga kiganja kimoja cha dagaa hao kwenye glasi ya maji: mchanga ukituama chini, umeuziwa ufukwe. Usizidishe kipimo, yai litanuka samaki.

Pembeni weka kisahani cha maganda ya chaza, ambayo huko kwenu si ya kununua. Yaoshe kwa maji baridi yasiyo ya bahari, yaanike, yatwange, kisha chekecha ubaki na punje ndogo kama chenga za mchele. Unga wake hupita upesi. Chenga hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku, ndege hali lakini ganda linajengwa.

Joto nalo hulegeza ganda, kware wakihema midomo wazi. Lisha alfajiri na jioni, maji yawe kivulini.

Swali: Vifaranga wa wiki tatu wale mchanganyiko wa watagaji?
*Msomaji, Lindi mjini*

Jibu: Hapana. Kalsiamu nyingi huwaharibu figo. Wape chakula cha vifaranga chenye protini asilimia 24 mpaka wiki ya tano au ya sita, wanapokaribia kutaga.