Bado naijaribu

Swali la wiki: Kutumia programu ya kukreki, yaani iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipiwa, ili kuijaribu kabla ya kununua, ni wizi?

Ndiyo, ni wizi. Nasema hivyo kwa sababu nimeufanya.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Majengo, Dodoma. Mwaka juzi, mwanzoni mwa Machi, kijana mmoja wa Nkuhungu aliniwekea programu aliyoitengeneza mwenyewe, ya kutunza hesabu za stoo na kutoa ankara. Akaniambia, "Mama, itumie siku thelathini bure. Ukiridhika, laki moja na nusu." Wiki ya pili tayari nilikuwa nimeridhika. Nilijua misumari imebaki kilo ngapi bila kuinuka kitini. Siku zilipokaribia kuisha, mpwa wangu akanionyesha kwamba ukirudisha nyuma tarehe ya kompyuta, programu nayo inahesabu upya. Tukairudisha Machi. Aprili ilipokwisha, tukairudisha tena. Kijana akinipigia, namjibu bado naijaribu.

Mwezi wa nane mteja akarudi na ankara ya bati 40. Ofisini kwao walikataa kumrudishia fedha zake, maana karatasi inasema Machi na bati kachukua juzi. Nikamwita kijana aje kuangalia tatizo. Alikaa, akatazama saa ya pembeni mwa skrini, akaniuliza taratibu, "Mama, leo tarehe ngapi?" Nilishindwa kumjibu. Akaandika tarehe sahihi, programu ikajifunga. Akaingiza namba ya kuifungua, akaaga, akaondoka bila kudai kitu. Jioni ile nilimtumia pesa yake yote kwa simu. Uso wake sijausahau.

Tangu hapo, mtu akiniambia "najaribu" namuuliza ataacha lini. Muuza zabibu sokoni anakupa punje uonje. Anayeitoa ni yeye, na ukishaonja unanunua au unapita. Ya kukreki hakuna aliyekupa, na haina siku ya mwisho. Nani kati yetu aliwahi kufikisha mwezi akaifuta mwenyewe? Wenye WinRAR, programu ya kubana mafaili, wanatoa siku 40 za kujaribu, na zikiisha inaendelea kufanya kazi huku ikikukumbusha ulipe. Sawa, hapo mwenye mali kaamua mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inazilinda programu za kompyuta, ila mimi sikushtuliwa na sheria.

Binti yangu anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ananibishia: bei ni za dola, zinataka kadi ya benki, na programu moja inameza kodi ya chumba cha Ng'ong'ona. Kwa hilo ana haki kabisa, bei zile hazikupangwa kwa kumfikiria yeye. Lakini kwa takwimu zipo R na PSPP, bure na halali. Wenye AutoCAD, programu ya michoro ya majengo, wanawapa wanafunzi bila malipo. Mwaka 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, programu ya ofisi nzima kwa Kiswahili, bure. Inaniuma kwamba madukani tulizoea kreki kuliko hiyo.

Wanaouza programu nawaomba wapokee malipo kwa simu, tena kidogo kidogo. Kijana wa Nkuhungu sasa anachukua elfu kumi na tano kwa mwezi, na majirani zangu wawili hapa Majengo wanamlipa.