Kinga imeshuka, au imemgeuka?

SWALI: Dada yangu ana soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wenye mabaka mekundu na magamba meupe. Niliandika kwenye kundi la familia kwamba "kinga yake imeshuka", akakasirika sana. Nimekosea wapi?

JIBU: Umekosea kitenzi, na dada yako ana haki ya kukasirika.

Kinachoshuka ni kitu chenye kiwango: bei, homa, maji ya kisima. Tangu tulipozoea jina UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, masikio yetu yakisikia "kinga" huwa yanasubiri "upungufu". Kwa hiyo anayesoma ujumbe wako atadhani dada ana maradhi ya kuambukiza, kisha atamletea dawa za "kupandisha kinga". Soriasisi haiambukizi, na kinga yake haijapungua.

Yanayotokea ni haya. Chembechembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huivamia ngozi isiyo na kosa na kumwaga kemikali za kuitana vitani. Ngozi nayo hukurupuka kujijenga. Seli mpya, ambazo kwa kawaida huchukua takriban mwezi kupanda hadi juu, hufika kwa siku chache tu zikiwa bado changa, zikarundikana. Magamba unayoyaona ni rundo hilo. Mwaka 1979 iliripotiwa kwamba sayklosporini, dawa ya kutuliza kinga, iliwapa nafuu wagonjwa wa soriasisi. Nafuu hiyo ingetoka wapi kama kinga ilikuwa imeshuka?

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa hapa. Mlinzi akimshambulia anayemlinda, tunasema amemgeuka. Basi sema: "Kinga yake imemgeuka." Hicho kiambishi -m- ndicho kinachobeba maana yote, ukikiondoa, kinga imegeuka tu, hatujui imemgeukia nani.

Neno "uvimbe", ambalo hutumika kueleza ngozi inavyokuwa nyekundu na moto kinga inapoishambulia, pia ningeliepuka, maana wengi watafikiria donge. Badala yake tuna kitenzi "kuwaka": moto huwaka, ngozi huwaka, na kuwashwa kunakomnyima usingizi kumetoka kwenye mzizi huohuo. Wahenga walisema "kinga na kinga ndipo moto uwakapo". Kinga hiyo ni kijinga cha moto, neno jingine kabisa, ila kila nikiisikia methali hiyo huwakumbuka wagonjwa hawa.

Mwombe radhi dada. Akiridhia, andika upya: "Kinga ya dada imemgeuka, ngozi inawaka. Haiambukizi, njooni mumsalimie."