Ekari haijitawali

SWALI: Nimesoma kwamba jimbo la Florida limeinyang'anya kampuni ya Disney "uhuru wa kujitawala" na kuliweka eneo la bustani zake za burudani chini ya "uangalizi" wa serikali. Je, ni uangalizi au usimamizi?

JIBU: Ni usimamizi. Mwangalizi hutazama na kuandika ripoti. Waangalizi wa uchaguzi hawaruhusiwi kugusa hata karatasi moja ya kura. Bodi ya watu watano, ambayo Gavana Ron DeSantis aliiteua kwa mara ya kwanza mwaka 2023, hutoza kodi, hukopa, hupitisha kanuni za ujenzi. Swali lako limekwisha.

Kilichonikera ni maneno uliyoyapita bila kuyashtukia: uhuru wa kujitawala. Nayaona kila habari hii inapoandikwa, na kila mara damu inanichemka. Huru tumelitoa kwenye Kiarabu, hurr, mtu asiye mtumwa. Mtu! Halafu kuna hiyo -ji-, ambayo humrudishia mtenda kitendo chake. Nikijinyoa, anayeshika wembe ni mimi na kidevu ni changu. Nikimnyoa jirani yangu, hata awe amelala sebuleni kwangu, sijajinyoa, nimemnyoa yeye.

Sasa tazama Reedy Creek, mamlaka ya eneo hilo la bustani za Disney, iliyoundwa kwa sheria ya Florida mwaka 1967, ikashika takriban ekari 25,000. Ilikuwa na zimamoto yake, barabara zake, maji taka yake. Sheria iliiruhusu hata kujenga kiwanja cha ndege na kinu cha nyuklia. Bodi yake ilichaguliwa na wenye ardhi, kura moja kwa kila ekari, na sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa ya Disney. Kura haikuwa ya mtu, ilikuwa ya ekari. Mpishi wa hoteli na dereva wa basi walioshinda humo kutwa hawakuwa na sauti katika bodi hiyo. Nani basi alijitawala? Kampuni ilitawala eneo. Tuondoe hiyo -ji- na sentensi itasema kweli.

Wala msiniletee maneno ya upande wa pili, kwamba mwaka 2023 madaraka "yalirudishwa kwa wananchi". Bodi ya kwanza ilichaguliwa kwa ekari, ya pili iliteuliwa na gavana, baada ya kampuni kuipinga hadharani sheria yake ya mwaka 2022 kuhusu mafunzo ya jinsia shuleni. Mwananchi hakurudishiwa kitu, kwa kuwa hakuwahi kukishika.

Andika hivi: Disney imepoteza madaraka yake maalumu juu ya Reedy Creek. Inatosha.

Wapo pia wanaoiita Reedy Creek "wilaya". Eneo lenyewe limo ndani ya kaunti mbili, Orange na Osceola, kwa hiyo msomaji wa Tanzania atamtafuta mkuu wa wilaya asimpate. Mimi nasema mamlaka. Lakini wilaya nimeipinga mpaka nimechoka. Mwenye kuipenda na aitumie.